Binti anaandika hadithi, anataka ukurasa Instagram: Mzazi ashike wapi?

Chukulia nyumba moja katika kata ya Ulowa, Halmashauri ya Ushetu, mkoani Shinyanga. Ni Jumamosi jioni. Tumbaku iko ndani ya bani, moto umeshawekwa, na mama amekaa mlangoni anachambua mchele wa kesho. Binti yake wa kidato cha pili anamletea kaunta buku lililokunjika pembe. Ndani mna hadithi ya sura saba, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na kila sura inakatikia mahali ambapo msomaji angetamani kumfuata mwandishi hadi chumbani amuulize kilichotokea.

"Mama, naomba simu," anasema. "Nataka kufungua ukurasa Instagram niwe naweka hadithi zangu. Waandishi wote wako huko siku hizi."

Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini ombi la namna hii si geni tena. Katika ukanda huu wa tumbaku, pamba na dhahabu, kuanzia Ushetu na Msalala hadi Geita, simu janja imeingia hata kwenye nyumba ambazo bado hupeleka simu kuchajiwa kwa sola ya dukani. Mtoto aliyekuwa akiwasimulia wenzake hadithi chini ya mwembe wa shule sasa anajua kwamba kuna mwembe mkubwa zaidi.

Wazazi wengi hujibu moja kati ya mawili. La kwanza ni hapana, soma kwanza, hayo ya mitandao ni uhuni. La pili ni haya chukua, ila usinimalizie bando. Jibu la kwanza mara nyingi huzaa akaunti ya siri iliyofunguliwa kwenye simu ya rafiki, yenye umri wa uongo na nywila ambayo mzazi hataijua kamwe. La pili humwacha mtoto peke yake mbele ya watu asiowajua. Ukilitazama vizuri, majibu haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana: katika yote, mzazi hayupo.

Hadithi iliyosubiri miaka 35

Kabla ya kukataa, inafaa mzazi ajue mtoto anaomba nini hasa. Kwa mwandishi, ukurasa wa picha ni mlango wa kuwafikia wasomaji, na kwa miaka mingi mlango huo ulikuwa mwembamba mno kwa watu wa Kanda ya Ziwa.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35. Mzee huyo alifariki 1981, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi.

Eric Shigongo, aliyeingia bungeni mwaka 2020 kwa jimbo la Buchosa mkoani Mwanza, alipata njia nyingine. Hadithi zake za mfululizo zilitoka kwenye magazeti ya Global Publishers, kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na kwa miaka mingi watu walinunua gazeti ili tu wajue kilichompata mhusika wa wiki iliyopita. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka jinsi gazeti moja lilivyozunguka nyumba tatu hadi likachanika mikunjo. Walichokuwa wakinunua ni ahadi ya neno moja mwishoni: itaendelea.

Ahadi hiyo sasa imehamia kwenye simu. Instagram ilianza Oktoba 2010 kama mahali pa kuonyesha picha, lakini waandishi waligundua mapema kwamba maneno nayo yanaweza kuwa picha. Rupi Kaur, msichana wa Kanada aliyezaliwa India, aliweka mashairi yake mafupi mtandaoni pamoja na michoro ya mistari michache aliyoichora mwenyewe. Mwaka 2014 alijichapishia kitabu chake cha kwanza, Milk and Honey. Mwaka uliofuata kampuni ya uchapishaji ya Andrews McMeel ikakichukua, na kikauza mamilioni ya nakala. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Hapa nchini mambo ni madogo zaidi lakini njia ni ileile. Mwandishi anayejichapishia hutangaza jalada kwenye ukurasa wake, hupokea oda kwa WhatsApp, hulipwa kwa simu, na kitabu hupanda basi kama kifurushi. Msomaji wa Kahama anaweza kupata riwaya kutoka Dar es Salaam bila duka la vitabu kuhusika popote. Na mwandishi wa Ushetu anaweza kufanya hivyohivyo kuelekea upande wa pili.

Kwa hiyo binti wa Ulowa haombi uhuni. Anachoomba ni jukwaa. Swali ni nani atasimama naye juu yake.

Umati wa Wagika na Wagalu

Wasukuma wana elimu ya muda mrefu kuhusu kuvuta watu. Mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu huchezwa baada ya mavuno, vikundi viwili vikitumbuiza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mshindi ni yule ambaye upande wake umejaa watu zaidi. Ndiyo maana wachezaji hutafuta vituko: huyu anakuja na nyoka, yule na fisi, mwingine na vazi ambalo halijawahi kuonekana.

Mtu aliyekulia karibu na viwanja hivyo anaielewa Instagram haraka kuliko anavyodhani. Wafuasi ni umati ule ule, na vituko ni vile vile. Lakini kuna tofauti moja ambayo mzazi anapaswa kumweleza mwandishi wake mdogo. Umati wa ngoma ukitawanyika jioni, mchezaji ameshashinda. Mwandishi anahitaji watu hao hao warudi Jumamosi ijayo, wasome maneno 300, na siku moja watoe fedha mfukoni kununua kitabu. Fisi hasaidii hapo.

Hii ndiyo sababu ya kukataa mapema biashara ya kununua wafuasi. Watu wanaouza "wafuasi elfu kwa bei poa" wamejaa mtandaoni, na kinachouzwa ni akaunti hewa ambazo hazisomi, haziandiki maoni wala hazinunui. Ukurasa wenye wafuasi 9,000 na maoni mawili unamchekesha mchapishaji yeyote anayejua kutazama. Wenye wafuasi 140, ambao 30 kati yao huuliza kila wiki "sasa huyo dada alifika salama?", unastahili kusikilizwa.

Basi lengo la mwaka wa kwanza lisiwe idadi. Liwe ratiba. Siku moja ya wiki, saa ileile, kipande kimoja. Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo Jumamosi au Jumapili jioni inajipanga yenyewe, na aliye bweni atajaza akiba ya vipande wakati wa likizo, navyo mzazi au dada avitoe kimoja kimoja. Maelezo ya chini ya picha kwenye Instagram yana ukomo wa herufi 2,200, nafasi zikihesabiwa. Hayo ni takriban maneno 300 ya Kiswahili. Ni shule nzuri sana ya uandishi, kwa kweli: mtoto anajifunza kukata, na hakuna mwalimu wa Insha anayefundisha kukata kwa ukali kama ukomo usiobembelezeka.

Uso si lazima

Wazazi wengi wakisikia "ukurasa wa picha" huona picha za binti yao: kajipamba, kasimama upande, kabinua midomo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini picha ya mwandishi si lazima iwe uso wake.

Kuna mshairi wa Kiingereza anayejiita Atticus. Ana wafuasi wengi mno Instagram na vitabu vinavyouzwa sana, na alijenga jina lake akijitokeza hadharani akiwa amevaa kinyago. Wasomaji wake waliyajua maneno yake, si sura yake. Kama mtu mzima mwenye jina kubwa ameweza kuishi hivyo, msichana wa miaka 15 anaweza.

Apige picha nini basi? Ushetu imejaa picha ambazo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hajawahi kuziona: mkono unaofunga majani ya tumbaku kwenye fito, moshi wa asubuhi ukitoka kwenye paa la bani, majaruba ya mpunga yaliyojaa maji baada ya mvua, magunia ya pamba yakipakiwa, baiskeli yenye madumu sita ikipandisha kilima, daftari lenyewe likiwa juu ya kinu na mwandiko wa bluu ukisomeka. Hiyo ya daftari inafanya kazi kuliko nyingi. Msomaji anaona kwamba kuna mtu halisi mwenye kalamu aliyekaa mahali fulani akaandika.

Mwanga wa asubuhi mapema na wa jioni ni bure na ni mzuri kuliko programu yoyote ya kurembesha picha. Simu ya kawaida inatosha. Kinachotakiwa ni kufuta lenzi kwa kitambaa safi, maana simu ya mama wa jikoni ina mafuta ya wiki nzima.

Jambo moja ni marufuku: sare ya shule. Beji, bango la shule, jina la kijiji, kipima mahali cha simu kikiwa kimewashwa, yote haya humwambia mtu asiyejulikana binti anapatikana wapi na saa ngapi anatoka. Ukurasa useme "mwandishi wa hadithi, Kanda ya Ziwa" na utosheke hapo. Jina la kalamu linaruhusiwa pia, na watoto hulifurahia sana. Wengi watatumia juma zima kulichagua, na hilo lisimkasirishe mzazi, ni sehemu ya kazi.

Bibi wa jirani

Hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii, kwa sababu macho yao yako kwenye uso wa binti.

Mtoto anaandika hadithi ya kutisha. Hadithi za kutisha zinapendwa, na kila mtoto wa kanda hii ameshasikia habari za wachawi na fisi wa usiku. Anahitaji picha ya kuiendea. Ng'ambo ya uzio amekaa bibi kizee, mgongo umepinda, macho mekundu, moshi wa jiko unamzunguka. Picha ni nzuri kupita kiasi. Anaipiga bila bibi kujua, anaiweka juu ya hadithi, anaandika: "Kila usiku bibi huyu alitoka..."

Kwa msomaji wa mbali ni hadithi. Kwa msomaji wa kijiji cha pili ni bibi fulani, mama wa fulani, na sasa "imeandikwa mtandaoni". Mkoa wa Shinyanga na majirani zake wana historia ndefu na ya uchungu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi hutokana tu na miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino nao wamewindwa katika kanda hii kwa imani za namna hiyo hiyo. Picha yao kamwe isiwekwe juu ya hadithi ya mizimu, majini au utajiri wa migodini, hata kama mwandishi ana nia njema.

Sheria iko wazi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa anayesambaza taarifa za uongo na anayemsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Na laini iliyotumika imesajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole vya mtu mzima, yaani mzazi. Polisi wakifuatilia, jina litakalotokea kwanza si la binti.

Lakini sheria ni jambo la pili. La kwanza ni bibi mwenyewe, ambaye kesho asubuhi atapita kwenda kuteka maji.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba iwe nyepesi kukumbuka. Mtu anayeonekana kwenye picha awe ameulizwa na amekubali, na awe ameelezwa hadithi inahusu nini. Mhusika mbaya wa hadithi asiwe na jina, kazi, kovu wala boma la mtu anayeishi jirani. Mwalimu wa hesabu anayechukiwa na darasa zima ageuzwe kuwa mfanyabiashara wa mji mwingine, apewe upara na mbwa. Waandishi wakubwa hufanya hivyo kila siku. Na mzazi ndiye mhariri anayefaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu anamjua kila mtu kijijini. Mhariri wa mjini asingemtambua bibi yule.

Nani yuko kwenye inboksi

Wasomaji wazuri huandika maoni hadharani, mbele ya wote. Wengine huingia inboksi. Kati yao wamo wasomaji wenye haya, waandishi wenzake, na watu wa aina nyingine.

Utafiti kuhusu Tanzania uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulikuta kwamba angalau asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa wazi wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Ukipigia hesabu ya nchi nzima, ni takriban watoto 200,000.

Kwa Shinyanga jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010, wakati mkoa ulikuwa bado haujagawanywa, ulionyesha kwamba asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 hapa walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumuoa mwanafunzi au kumpa mimba ni kifungo cha miaka 30. Lakini mwanamume anayemwandikia binti "una kipaji, njoo Kahama nikukutanishe na mchapishaji" hajafika kwenye sheria bado. Yuko kwenye simu ya mama, na mama anaweza kumwona akifungua.

Ndiyo maana nywila ikae kwa mzazi. Hii si kwa ajili ya kupekua kama askari wa sungusungu usiku wa manane. Mkataba uwekwe mchana, mbele ya binti: ukurasa ni wa mwandishi, ufunguo ni wa nyumba. Instagram yenyewe hairuhusu mtoto chini ya miaka 13 kumiliki akaunti, ila inakubali ukurasa unaosimamiwa na mzazi endapo hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya juu. Kuanzia Septemba 2024 kampuni hiyo ilianza pia kuwaweka wenye umri chini ya miaka 18 kwenye akaunti maalumu za vijana, ambazo hufungwa kwa watu wasiowajua, ikianzia Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Ulinzi huo hutegemea sana mtoto kusema umri wake wa kweli. Hapo ndipo ile akaunti ya siri kwenye simu ya rafiki inapoumiza.

Na hata kwa mwenye miaka 16, sentensi moja kwenye maelezo ya ukurasa, "Ujumbe husomwa na mzazi", hufukuza watu wabaya wengi kuliko ufunguo wowote wa kidijitali. Wasomaji wa kweli hawajali.

Kukitokea jambo, usifute. Piga picha ya kioo, hifadhi, kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Mtoto asipokonywe ukurasa siku hiyo kama adhabu, kwa sababu mara nyingine hatasema.

Fedha na haki

Mtu wa kwanza kutaja fedha kwenye ukurasa wa mwandishi mchanga huwa tapeli. Atajiita wakala wa wachapishaji, au mratibu wa tuzo, au mtu wa filamu. Ataipenda hadithi, kisha ataomba "ada ya usajili" itumwe leo. Mchapishaji wa kawaida anayeamini kitabu hamdai mwandishi ada kabla hajasoma mswada. Yule anayetoza gharama za uchapaji husema hivyo tangu mwanzo na hutoa hesabu ya maandishi. Ujumbe wa kitapeli ulioingia kwa meseji za kawaida, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa 15040, bure.

Kuhusu kuibiwa hadithi, haki ya mwandishi huanza pale anapomaliza kuandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, husajili kazi kwa anayetaka ushahidi wa ziada. Kaunta buku lenye tarehe ni ushahidi pia. Lisitupwe wala lisiwashiwe moto wa bani, hata baada ya kila kitu kuingia kwenye simu.

Lakini kuna wizi mwingine ambao mwandishi hujifanyia mwenyewe. Mashindano mengi ya uandishi hutaka mswada ambao haujachapishwa popote. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza wa kila kundi akapata Sh10 milioni. Mtoto aliyekwishamwaga riwaya nzima Instagram, sura hadi sura, anaweza kuwa amejifungia mlango huo. Aweke hadithi fupi, aweke mwanzo wa sura, aweke picha ya daftari. Riwaya kubwa ibaki sandukuni, na masharti ya mwaka husika yasomwe kabla ya kutuma chochote. Mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo mkataba wowote utakaokuja ni wa kusomwa na kusainiwa na mtu mzima wake.

Kuna wakati ukurasa utanyamaza. Mtihani wa kidato cha pili na cha nne uko Novemba, msimu wa kupandikiza miche ya tumbaku nao hausubiri mtu. Tangazo fupi linatosha: "Mwandishi yuko kwenye mitihani, hadithi itarudi Desemba." Wasomaji waliozoea kusubiri itaendelea wanajua kusubiri.

Mama wa Ulowa, yule wa mfano, ameacha mchele. Amevaa miwani ya baba yake binti na anasoma kaunta buku karibu na taa. Sura ya pili ameigonga kwa kidole mara moja na kusema, "Huyu mwenye duka mbadilishe. Kila mtu atajua ni nani." Binti amekata jina kwa kalamu, ameweka lingine. Sasa mama yuko sura ya saba, na amefungua ukurasa unaofuata, ambao ni mweupe.

"Wewe," anasema bila kuinua kichwa. "Huyu mtoto alivuka mto au hakuvuka?"